Kuizingira Maktaba ya Laurel Ford

Jumatatu, 4 Novemba
Mwenyekiti wetu anahamia Florida kwa binti yake. Baridi ya Pennsylvania imemshinda magoti. Ametangaza leo maktabani, mwisho wa mkutano wa Chama cha Wasomaji wa Historia ya Vita. Wote wakasikitika. Nami nilisikitika, kwa kitambo kidogo. Kisha nikakitazama kiti.

Nani anakifaa kuliko mimi? Ni kweli, maisha yangu yote nimeuza vigae vya paa, na jeshi lilinikataa kwa sababu ya nyayo bapa. Lakini vitabu vya majenerali nimevisoma tangu nikivaa kaptula. Washington, Grant, wote nawajua kama majirani.

Uchaguzi ni tarehe 14, na mpinzani ni mmoja, Lucille Stambaugh. Kapteni mstaafu. Eti alisimamia chakula na mafuta ya jeshi jangwani. Makopo ya maharagwe. Huo si uongozi, huo ni uchuuzi.

Nimemweleza mke wangu. Arlene akauliza mwenyekiti hasa hufanya nini. Nikasema huchagua vitabu na kufungua mkutano. Akasema kufungua, hata ufunguo hufungua. Akarudi kwenye chemshabongo yake.

Jumanne, 5 Novemba
Kitabu cha mwezi huu kinahusu mji wa Vicksburg, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Grant aliuzingira mji ule, chakula kikakatwa, watu wakafikia kula nyama ya nyumbu, mwisho wakasalimu amri. Nilikuwa nakoroga kahawa wazo liliponijia. Mpinzani asiye na kitabu atasema nini mbele ya wapiga kura?

Nimeazima nakala zote za maktaba. Kadi yangu haikutosha, nikatumia na ya Arlene. Bi. Fink, mkutubi, akauliza kama nina wageni. Nikasema navilinganisha. Akataka kujua navilinganisha vipi na vyote ni kitabu kimoja. Nikajifanya sikusikia.

Vimo chini ya kitanda. Najisikia mtulivu, kama wajisikiavyo watu wakubwa kabla ya jambo kubwa.

Jumatano, 6 Novemba
Mambo yameharibika.

Nilikutana na Lucille dukani, kwenye viazi. Nikamuuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama amepata kitabu. Akasema anacho chake tangu zamani, na amekisoma mara mbili. Amesikia maktabani vimekwisha, akaniuliza kama ningependa aniazime. Kukataa kungezua maswali. Nikakubali. Sasa na chake kimo chini ya kitanda.

Nilipofika nyumbani Bi. Fink akapiga simu. Merle Hostetter, mwanachama mwenzetu, alishuka kwa basi kutoka nyumba ya wazee kule kilimani, katika theluji, akitaka ile nakala ya herufi kubwa. Akarudi mikono mitupu. Nikachungulia mvunguni. Kweli, moja ni nene kama tofali.

Nilikaa sakafuni nikaona haya. Kisha nikakumbuka kwamba jenerali hodari huyageuza makosa kuwa shambulio. Merle ndiye pekee kati yetu aliyepigana Vietnam. Akiinua mkono, wengine huinua. Nitampelekea mwenyewe. Kitabu kwake, kura kwangu.

Ijumaa, 8 Novemba
Merle alikishika kitabu, akakisogeza puani, akakipeleka mbali, akakifunga. Akasema hata hizi kubwa anaziona kama sisimizi ndani ya maji. Chamani hajamwambia mtu. Tangu majira ya kuchipua amekuwa akikaa tu mikutanoni na kuitikia kwa kichwa.

“Na ukisema popote, Wendell, nitakukana mbele yako.”

Nikaapa kunyamaza. Akasema kama sina haraka, nimsomee kidogo.

Nikasoma. Kila mtu nikampa sauti yake. Grant nikampa sauti nzito ya mtu mwenye sigara mdomoni. Merle akacheka hadi muuguzi akaja kuangalia kuna nini. Kwa hiyo nikamsomea na muuguzi. Habari ya kura sikuigusa. Hizo ni mbinu. Kilichonishangaza ni kwamba giza liliingia nikiwa bado pale, na Arlene akapiga simu kuuliza kama nimekufa.

Jumatatu, 11 Novemba
Siku ya Maveterani, ya kuwaenzi askari wastaafu. Maktaba imefungwa, gwaride barabarani. Lucille alipita mstari wa mbele, magwanda yamemkaa kama alizaliwa nayo. Watu wakampigia makofi. Nilipiga pia, kwa vidole.

Merle hakuja. Nikampata chumbani kwake, ameketi dirishani. Akasema gwaride halimfai, soma.

Ikafika sura ya hospitali ya vitani. Haina jenerali hata mmoja, nikairuka.

“Umeruka,” akasema.

Nikamwambia ni majeruhi tu, hakuna la maana.

“Ndiyo hiyo ninayoingoja, bwana.”

Nikarudi nyuma, nikaisoma. Hapo sikutia sauti ya mtu yeyote. Nilipomaliza akanitajia Dale, kijana wa mtaa wao. Waliandikishwa jeshini pamoja. Dale alimfia mikononi, kwenye tope. Akasema kila mwaka siku hii watu humuuliza habari za vita, na hakuna anayemuuliza habari za Dale.

Nikamuuliza alikuwa mtu wa namna gani.

Akasema hakujua kuimba, na aliimba kutwa. Kikosi kizima kilimwomba anyamaze. Halafu siku aliponyamaza hakuna aliyeweza kula. Merle akaniimbia kipande, vibaya, kama alivyoimba Dale. Tukacheka, naye akafuta macho, nami nikasafisha miwani.

Nilifika kwenye gari ndipo nikakumbuka sikuomba kura. Nikarudi. Alikuwa amesinzia kitini. Nikamfunika blanketi nikaondoka. Nimekosa shabaha, lakini uwanja ni wetu.

Alhamisi, 14 Novemba
Asubuhi nilirudisha vitabu maktabani ndani ya kikapu cha kufulia cha Arlene, isipokuwa kile cha kumsomea Merle. Bi. Fink alivihesabu kimoja kimoja, kwa sauti. Ni afadhali angenifokea.

Jioni nilimrudishia Lucille chake, kisha uchaguzi. Mimi nilihutubia kuhusu uongozi wa vitani, kuanzia Washington. Nilipofika kwa Grant wawili walikuwa wameshavaa makoti. Lucille akasema tu kwamba wanaosoma wakishiba husoma vizuri, na mkutano ujao ataleta supu.

Kura zikapigwa kwa mikono. Mikono karibu yote kwa Lucille. Kwangu mmoja, wangu.

Hata wa Merle ulikuwa kwa Lucille. Nilimfuata koridoni nikamuuliza nimemkosea nini.

“Hujanikosea. Ukiwa mwenyekiti utakuwa mtu wa vikao na simu. Mimi nani atanisomea? Nimekupigia kura ya kukuzuia, ndugu yangu.”

Kisha akarudi ndani, akasimama, akawaambia wote kuhusu macho yake. Aliishikilia meza kwa nguvu. Lucille akasimama naye. Akasema tangu leo kila mkutano utakuwa na sura moja ya kusomwa kwa sauti, na msomaji ni Wendell. “Sauti yako tunaisikia hata tusipotaka, basi ifanye kazi.”

Wakacheka. Merle kuliko wote.

Jumamosi, 16 Novemba
Nilipofika kwa Merle mlango ulikuwa wazi na chumba kimejaa. Bi. Eunice wa chumba cha pili na ufumaji wake, mzee mmoja na mtungi wake wa oksijeni, na dada wawili wenye pai ya tufaha. Wamesikia kuna Grant mwenye sigara. Nikasoma hadi koo likakauka. Waliniomba wiki ijayo nirudi.

Arlene alikuja kunichukua, akasimama mlangoni akasikiliza. Garini akasema hajaniona nikiwa na furaha namna ile miaka mingi. Maskini, hakuelewa alichokiona. Watu wale wamejikusanya wenyewe, bila amri. Jeshi huanza hivyo. Na wote wanaweza kujiunga na Chama na kupiga kura.

Kwa upole nilimdokeza Bi. Eunice. Akasema atajiunga kwa moyo mweupe, mradi tu mwenyekiti abaki yule mama mwenye supu, maana Merle amemsifu sana.

Mwanamke mwerevu. Siku ya kwanza tu, na tayari anajua kumficha adui nia yake.