Nilivyowanawisha Wakwe Kabla Hawajashiba

Wenzangu wa Shanwe, leo nimevuliwa nguo mchana kweupe, na waliokuwa wakitazama ni wakwe. (Wakwe watarajiwa. Kama bado wananitarajia.) Nawaandikia jioni hii hii, kabla lori la mpunga halijaondoka Usevya kuja huko, kwa sababu shemeji yangu Leonsi, mume wa dada Skola, anapanda lori hilo hilo. Mkiisikia kwake kwanza ataongeza chumvi. Na chumvi, kama mnavyojua, mimi nimeacha.

Tuanzie hapo kwenye chumvi.

Nilipokwenda Bulgaria kwenye kozi ya matrekta nilikuwa mwembamba, mnanikumbuka. Mwaka wa kwanza nilikula kama mtu aliyetumwa kumaliza akiba ya nchi ile. Mikate, siagi, soseji za nguruwe, viazi vya kukaanga. Baridi ndiyo ilikuwa kisingizio changu. Nikanenepa mpaka kitanda cha bwenini kikaanza kunung'unika. Siku moja nikapanda ngazi, nikaona nyota mchana. Wakanipeleka kwa daktari, mama mmoja wa miwani mizito. Akanipima, akanipa masharti. Nikamuuliza, "Daktari, nitapona?"

Akatikisa kichwa. Taratibu, huku na huku.

Jamani! Nililia pale pale kitini. Nikaona kabisa dada yangu Skola akipokea sanduku langu kwenye stesheni ya Mpanda. Mkalimani ndiye aliyeniokoa: watu wa kule wakitikisa kichwa maana yake ni ndiyo. (Mtu aliyekwisha kulizwa na ishara ya wenzake alipaswa kuwa mwangalifu na ishara maisha yake yote. Hebu endeleeni kusoma.)

Masharti yenyewe niliyashika kama Baba Yetu. Chumvi kidogo, mafuta kidogo, majani kwa wingi, maziwa mgando kila siku, kukimbia kila asubuhi. Na lile kubwa kuliko yote: inuka mezani ungali na njaa kidogo. Nikapungua, nikapendeza. Nikajinunulia suruali ya bugaluu ya rangi ya maziwa, imebana kiunoni kama imeshonewa juu yangu. Nikaapa kwamba nikirudi nyumbani sitaacha hata sharti moja.

Nimerudi. Nyie mnanijua: nilipokuwa Kitwe kule Zambia niliota kwetu Mpimbwe, nilipofika Mpimbwe nikaanza kuulizia boti za Kigoma. Nikikaa naikumbuka njia, nikiwa njiani nakumbuka nyumbani. Lakini safari hii nimefikia kwa dada Skola hapa Usevya, nikamwona Yustina. Ni mjane, anafundisha darasa la kisomo cha watu wazima, ana sauti ya kumwamsha mwanafunzi aliyeko mstari wa nyuma. Tangu siku hiyo miguu yangu haijaniwasha. Nikatuma mshenga.

Baba yake, Mzee Gaspari, alijibu kwa upole. "Kijana si mbaya," alisema. (Nina miaka arobaini na ushei, lakini nilishukuru.) "Ila ni mtu wa njia. Mwanangu amekwisha kulia mara moja, sitaki amlilie mtu aliye hai. Aje avune nasi mpunga. Tutamwona."

Siku ya kuonwa ndiyo leo.

Alfajiri nikakimbia kama kawaida yangu, nikashika njia inayokwenda mashambani, ile inayopakana na pori la wanyama. Mbele yangu alikuwepo mtu na mundu begani. Akageuka, akaniona nakimbia. Hakuuliza. Alitimua mbio! Akina mama wawili waliokuwa nyuma ya kichaka cha mbele wakaona watu wawili wanakimbia, nao wakatimua. Nikapiga kelele, "Hakuna kitu! Simameni! Hakuna kitu!" Wakazidisha. Nikafika shambani kwa Mzee Gaspari nikiwa wa mwisho kwenye kundi la watu wanaohema.

Mzee alikuwa amesimama kwenye tuta, mkono juu ya macho. "Tembo wangapi?" akauliza.

"Hakuna tembo, baba. Ni daktari."

"Daktari anakufukuza?"

"Aliniambia nikimbie."

Mzee akatazama njia niliyotokea kama vile daktari mwenyewe angeweza kuchomoza. Kisha akanipa mundu. Nikasikia Yustina akicheka upande wa akina mama. Nikajipa moyo: kicheko si kibaya.

Tukaanza kuvuna. Sasa hapa nataka niseme ukweli wangu wote. Nimeona watu wa Ulaya wakilipa fedha kuingia kwenye jumba la mazoezi, wainue vyuma na kuviweka pale pale vilipokuwa. Mzee Gaspari hajawahi kuliona jumba hilo. Mgongo wake umepinda kidogo kama mundu wenyewe, nywele nyeupe pee, lakini alikata mpunga asubuhi nzima akiimba, akisimama tu kumtania Leonsi. Mimi wa kukimbia nilikuwa nyuma yake, namfuata kwa macho. Nikawaza, yule mama wa miwani angemwona huyu mzee angevua miwani yake akaifuta.

Jua likapanda. Tukaitwa kula.

Wanaume tulikaa mkekani uani kwa Mzee, tumezunguka chakula. Jamani, chakula! Ugali unafuka moshi. Samaki wakavu wa Ziwa Rukwa. Majani ya maboga yaliyotiwa karanga. Kibuyu cha maziwa mgando kutoka kwa jirani, Msukuma aliyehamia na ng'ombe wake. Na jogoo mzima, kwa ajili yangu. Nikatazama mkeka ule nikataka kupiga magoti. Majani yapo, maziwa yapo, samaki yupo. Nilikuwa nimekwenda mpaka Bulgaria kuagizwa nile chakula cha Usevya!

Mke wa Mzee, Mama Yustina, akaleta maji, tukanawa. Mzee akaniambia, "Mgeni, kata."

Nikakata tonge la kwanza. Wote wakafuata. Wakanipa firigisi, nikaila kwa heshima. Nikala majani, nikala samaki kidogo, nikanywa maziwa. Nilikuwa na njaa ya kumeza kibuyu na kamba yake. Lakini sharti ni sharti. Na leo ndiyo siku ya kuonwa: nikaona ni vizuri wakwe wajue kwamba hawapati mlafi. Nikavuta bakuli la maji.

"Ongeza, mgeni," akasema Mzee.

"Nimetosheka, baba."

"Bado. Ugali haujaguswa huu."

"Nimetosheka kabisa. Asanteni sana."

"Shemeji," akasema Leonsi, na sauti yake ilikuwa na machozi, "kula."

Nikacheka. Nikanawa.

Leonsi alikuwa ameshika tonge ambalo limekwisha kuchovywa kwenye mchuzi wa kuku. Akalitazama kama mtu anayemtazama ndugu yake kwenye dirisha la treni. Akalirudisha. Mzee Gaspari akavuta maji, akanawa. Aliyefuata akanawa. Mmoja baada ya mwingine, mkeka mzima wakanawa, ugali uko vile vile kama mlima.

Na mimi, wenzangu, mimi nikafurahi! Nikadhani wamenielewa. Nikadhani ndivyo walivyo siku zote, watu wa kiasi, na ndiyo maana Mzee anavuna kama kijana. Nikasimama. (Ndiyo, nilisimama.) Nikatoa hotuba.

"Wazee wangu," nikasema, "nimetembea. Nimeona nchi za watu. Huko Ulaya daktari anasoma miaka mingi ili awafundishe watu kuacha chakula wakingali na njaa, na hawamsikii. Nyie mnafanya bila kuambiwa na mtu! Nawavulia kofia."

Tumbo la mtu mmoja likanguruma, refu, kama lori linalopanda mlima. Akina mama wakaja, wakatazama chungu, wakatazamana, wakaondoa chakula.

Tukarudi shambani. Wimbo wa asubuhi haukurudi. Miundu ilikuwa inakata kwa uchovu, mtu anashika shina moja analifikiria. Mimi peke yangu ndiye niliyekuwa mchangamfu, nawasifu kulia na kushoto. Leonsi akanivuta kando.

"Shemeji, una ugomvi gani na sisi?"

"Ugomvi? Mimi?"

"Mgeni wa heshima akinawa, nani mwingine atakula? Umesahau? Wewe umekulia hapa hapa!"

Nilikumbuka yote kwa mara moja. Nilimkumbuka marehemu baba, jinsi alivyokuwa akicheleweshachelewesha tonge la mwisho, akizungusha kidole kwenye bakuli lisilo na kitu, ili sisi wadogo tupate kushiba. Nilikuwa nikidhani anapenda mchuzi. Kule nilikotoka kila mtu ana sahani yake. Unainuka ukipenda, hakuna unayemfunga mdomo. Nilileta sharti la sahani moja kwenye mkeka wa watu.

Na wale wanaume! Wamevuna tangu alfajiri, wameona jogoo akiondolewa mbele yao, wakasikiliza na hotuba juu yake, na hakuna hata mmoja aliyenitolea neno baya. Kwa sababu mimi ni mgeni wao. Mimi nisingeweza.

"Sasa nifanye nini?" nikauliza.

"Umenawa wewe. Basi wewe ndiye uende ukaseme una njaa."

"Kwa nani?"

Leonsi akaelekeza kidevu chake uani kwa Mama Yustina. Kwa mkwe! Mtu ambaye hata jicho simwinulii nikimsalimia!

Nikaenda. Akina mama wote wa kijiji walikuwa pale wanapepeta. Nikachuchumaa mbali, nikapiga makofi ya heshima, nikatazama chini.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba, baba. Kuna nini?"

"Mama... nina njaa."

Ungo ukasimama hewani. "Unasemaje?"

"Nina njaa, mama. Sijashiba. Naomba chakula."

Yustina akadakia kutoka nyuma, kwa sauti ile ya darasani: "Si ulisimama ukatuambia watu wa akili wanaacha chakula wakingali na njaa?"

"Nilisema."

"Na Ulaya wanalipa kufundishwa?"

"Yustina, niletee ugali, tafadhali."

Waliangua kicheko mpaka kuku wakakimbia. Lakini chakula kilipashwa, na ugali mwingine ukasongwa juu ya ule. Wanaume wakaitwa. Walikuja kwa mwendo ambao mtu angedhani tembo wametokea kweli.

Sasa ndipo nilipoiona kazi. Kila mkono wangu ukipunguza mwendo, mikono yote mkekani ilipunguza mwendo, na macho yote yakanitazama. Nikawa sina ruhusa ya kushiba. Nikiangalia tu upande wa bakuli la maji, Leonsi ananong'ona, "Usiguse!" Nikala. Mzee Gaspari hana meno ya nyuma, anatafuna kama mtu anayesoma sala. Nikamsubiri huku nakula. Sharti la mafuta likaenda, la chumvi likaenda, lile kubwa likafuata wenzake. Mwisho Mzee akafuta mdomo, akaniambia kwa upole sana, "Mgeni, ukipenda kunawa, na sisi hatutalalamika."

Nilinawa kama mtu anayefunguliwa pingu. Wakarudi shambani, na wimbo ukarudi, mkubwa kuliko wa asubuhi. Mimi nilisema nawafuata. Sikuweza kuinuka. Nikajisogeza kivulini kwenye kihenge, nikaegemea. Bugaluu ilikuwa inanikata vipande viwili. Nikatazama kulia, nikatazama kushoto, hakuna mtu. Nikafungua kifungo. Kwa dakika moja tu, nikajisemea.

Nimeamshwa na ubaridi wa jioni. Watu wote wamerudi, wamekaa wamenizunguka, mpunga umekwisha kupigwa. Na juu yangu, kuanzia tumboni kushuka chini, nimefunikwa khanga. Nikaitambua. Asubuhi ilikuwa imefungwa kiunoni mwa Mama Yustina.

Nyie! Mkwe amekiona kifungo!

Niliikumbatia ile khanga, nikafunga kifungo chini yake. Nikasubiri kuambiwa nifungashe. Mzee Gaspari akasafisha koo.

"Nilikuwa na hofu kwamba huyu ni mtu wa njia," akawaambia watu, si mimi. "Mtu wa njia nimemwona mara nyingi. Anakalia ukingo wa kigoda, viatu havui. Huyu amekula kwangu mara mbili, amefungua kifungo, amekoroma mpaka mbuzi wakahama. Huyu haendi popote."

"Hata akitaka kwenda hawezi," akasema Leonsi. "Mtazameni tumbo."

Yustina akaniletea maji ya kunawa uso. Alikuwa ameuma midomo asicheke, lakini macho yalikwisha kucheka. "Kesho utakimbia?" akaniuliza.

"Nitakimbia."

"Nitawaambia watu wasikufuate."

Basi ndugu zangu, mavuno yakiisha mtapata mwaliko. Mje na njaa zenu, na msicheke mbele ya wakwe. Siku hiyo Mzee Gaspari ndiye atakayenawa kwanza. Mimi mikono yangu nitaikalia.