Kunyimwa Kazi ya Siri kwa Sababu ya Bangi na Uongo

Nansio, Ukerewe

Kwa Ndugu Mwenyekiti,
Kamati ya Upekuzi, Mwanza.

Shikamoo Mzee. Nakuandikia nikiwa mzima wa mwili, ila roho imevimba. Mmeninyima kazi ya kutunza mafaili ya siri, mkisema nilivuta bangi na tena nikawadanganya. Sasa baba yake Modesta, mchumba wangu, ametamka wazi kwamba binti yake haolewi na mtu ambaye serikali yenyewe haimwamini. Yaani mmeninyima kazi na mke kwa mpigo mmoja. Imeniuma sana, na malalamiko yangu ni haya:

1. Bangi nilivuta, sikatai. Lakini nilivutia kwenye kambi ya wavuvi wa dagaa, ambako hata mpishi huvuta. Mnataka mtunza siri atoke wapi, mbinguni?

2. Mnasema kosa kubwa si bangi, ni kuapa kwamba sijawahi kuigusa. Jamani! Kwani siri hutunzwaje? Mama yangu mzazi, anayekagua mpaka mifuko ya suruali zangu, hajui hadi leo. Kumficha mama yule ni kazi ngumu kuliko kufungia mafaili kwenye kabati la chuma. Huyo msema kweli mnayemtaka, adui akimuuliza si atajibu?

3. Mpekuzi wenu alikuja kuwahoji majirani bila hodi. Bahati nzuri nilikuwa nimeshawafundisha wote cha kusema, kwamba mimi ni mtu wa kwaya. Ni kweli Muhidin, mwadhini wa msikiti wa hapa, alimwambia tunaimba naye sauti ya nne kila Jumapili. Hilo nalo ni kosa? Mwenzetu alikariri kwa moyo wote. Isitoshe, mpekuzi alikula samaki sato kwetu, akanawa, akashukuru, kisha akaenda kutuandika vibaya. Kwetu huku mgeni hafanyi hivyo hata kidogo.

4. Kwa hiyo naomba si kazi ile tu, bali mnipandishe niwe mpekuzi mkuu, maana mwongo namtambua kwa mbali. Na wale wasema kweli mliokwisha kuwaajiri, waondoeni haraka kabla hawajaulizwa kitu.

Wasalimie wajumbe wote na familia zao. Msalimie na mpekuzi. Mama anauliza kama ule mwiba ulimtoka kooni.

Ni mimi, mwaminifu wenu, mkipenda msipende,
Venant Magesa

Nyongeza: Kabla ya kuifunga barua nimemsomea Modesta, nikitegemea anisifu. Kwenye bangi amecheka. Kumbe alijua siku nyingi. Kwenye namba mbili akanisimamisha. Ameniuliza, kama naweza kumtazama mama usoni nikamdanganya miaka yote hiyo, yeye atajuaje siku nikimwambia nampenda? Nikamwapia kwa jina la Mungu kwamba nampenda. Amevaa viatu vyake, akasema hata kamati niliiapia.