Visanduku Vyekundu vya Opicho

Jumatatu, 9 Juni 2025

Leo nimeamka mwalimu! Karibu, yaani. Chuo cha kompyuta hapa Makadara, kile cha juu ya duka la dawa, kinatafuta mwalimu. Madam Teresiah, mwenye chuo, ametuita wawili tu kwa mahojiano Ijumaa: mimi, Opicho, na Kiarie wa jengo la pili. Kila mmoja aje na programu yake ya kujumlisha maksi za wanafunzi, imechapishwa kwa karatasi. Mjomba Shitanda ameapa nikikosa hii, wiki ijayo ananipeleka Industrial Area tubebe magunia ya sabuni. Mimi! Na mgongo huu!

Programu nimemaliza kabla ya chai ya saa nne. Nimeiandika kwa Word, maana Word hupindisha alama za kunukuu zikapendeza. Kuijaribu sijaijaribu. Ya nini? Nimeiandika mimi.

Jumanne, 10 Juni

Nimempeleleza Kiarie. Nilijifanya naomba chumvi. Programu yake nyeusi tupu, imepoa kama tangazo la matanga, na alama zake za kunukuu zimesimama wima kama misumari. Akaniuliza kama yangu inafanya kazi. Nikamwambia inapaa. Akacheka, huyo mtu! Chumvi pia alinipa kidogo.

Halafu nikagundua kitu! Kuna amri unaandika kwenye lile dirisha jeusi la kompyuta, inaitwa pygmentize. Unaipa programu yako, inakurudishia imepakwa rangi. Mara ya kwanza ilikataa, nilikosea jina la faili. Mara ya pili, wacha! Kijani hapa, samawati pale! Nikapiga kelele. Mama akatoka jikoni mbio na mwiko, akidhani nimepata kazi. Sikumsahihisha.

Na si rangi tu. Alama zangu zilizopinda zimezungushiwa visanduku vyekundu. Kila moja! Nikaipa ile mistari ya Kiarie niliyokuwa nimekariri: hata kisanduku kimoja hakupata. Pole zake. Hiki chombo kinajua kazi ya mtu.

Alhamisi, 12 Juni

Fartun wa saiba, lile duka la intaneti na uchapishaji, amekataa kunichapishia kwa rangi. Eti huo wino ni wa harusi na matanga. Nikamwambia nikishakuwa mwalimu, wanafunzi wangu wote watachapisha kwake. Akalegea. Karatasi imetoka moto, inang'aa! Akauliza visanduku ni vya nini. Nikasema ni alama za ubora. Akasema basi hongera.

Mama ameshatangaza kwa akina mama wa kanisa kwamba kijana wake ni mwalimu. Wamemwombea na kupiga vigelegele. Sasa kurudi nyuma hakuna.

Ijumaa, 13 Juni

Nimevaa tai ya marehemu babu. Kiarie akaweka karatasi yake mezani. Mimi nikaifunua yangu polepole, kama pazia. Madam akainama. Akakodoa macho. Nikajua nimemmaliza!

Akaniuliza, kwa upole, kama najua visanduku vyekundu vinamaanisha nini. Nikamwambia ni heshima, na mwenzangu hana hata kimoja. Kiarie akashikwa na kikohozi. Madam akasema chombo hicho huweka kisanduku pale kinapokuta kitu kisichoeleweka katika lugha ya programu, kama hizo alama zangu zilizopinda. Kisha akaomba faili yangu, akaiwasha mbele yetu. Ilikwama mstari wa kwanza. Ya Kiarie ikajumlisha maksi za darasa zima, bila rangi, bila aibu.

Kazi amepewa Kiarie. Nilitamani sakafu inimeze. Lakini ngoja! Madam ameomba abaki na karatasi yangu. Anataka kuibandika ukutani, wanafunzi wajifunze kutambua makosa. Ukutani! Karatasi yangu imeajiriwa, Kiarie ataifundishia kila siku. Nimemwambia Mama niko chuoni kwa njia fulani. Amepiga simu mpaka Kakamega.

Jumatatu, 16 Juni

Mgongo! Uwiii, mgongo wangu! Gunia moja la sabuni lina uzito wa shemeji mzima. Wakati wa chapati na maharage ya madondo, Mjomba aliniuliza kama nimeshasahihisha ile programu. Nikamwambia niko mbioni. Akanitazama sana, akaniongezea madondo.

Lakini jioni hii nimeruka juu na mgongo huohuo! Kumbe ile amri ina mitindo mingi ya rangi. Nimeijaribu mmoja mmoja, mpaka nimepata mmoja ambao hauweki visanduku. Hata kimoja! Makosa yote yamekwisha, na sijagusa herufi. Programu imepona!

Kuna chuo kingine, karibu na Gikomba, kinatafuta mwalimu. Kesho naomba ruhusa kwa Mjomba, nipitie kwa Fartun. Mama ameshawaambia wenzake nimepandishwa cheo. Kuijaribu sijaijaribu. Ya nini? Nyekundu haipo.