Yah: Tela la Pikipiki Ambalo Pikipiki Haiingii

Kwa Mhariri,
Jarida la Tela na Barabara.

Ndugu Mhariri,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, umekaa ofisini kwenye kiti kisichohitaji breki. Mimi si mzima sana. Mgongo unaniuma, vidole vimekufa ganzi, na juzi juzi tu nimetema mdudu wa South Dakota ambaye hata jina lake silijui. Yote haya yameletwa na jarida lako, na ninakuandikia kwa heshima zote ili uje uyachukue.

Mimi ni mke wa Leland Hruska, fundi makabati mstaafu. Ingia jiko lolote katika mji wetu huu wa Nebraska, ukikuta kabati linalofunga vizuri, ujue ni lake. Hakuna mlango wake hata mmoja uliowahi kugonga friji ya mtu. Anapima, anapima tena, halafu anakwenda kunywa kahawa afikirie. Nakueleza mapema ili usije ukasema kosa ni lake. Mtu hajakosea maisha yake yote, akasoma jarida lako, akakosea. Wewe ni mtu mzima, hebu niambie kosa ni la nani.

Leland alibadilishwa nyonga. Alipotoka hospitali aliniambia daktari amemkataza safari ndefu za pikipiki, ila za kuzunguka hapa karibu ruksa. Sasa, mume wangu ana pikipiki moja kubwa nyeusi, tuliipata kabla hatujaota mvi, na kila Agosti tumekwenda nayo kwenye mkutano wa waendesha pikipiki kule milima ya Black Hills, South Dakota, yeye mbele, mimi nyuma nimemshika kiuno. Bila safari hiyo, pikipiki ilikuwa ya kuuzwa tu. Na mnunuzi alikuwepo: Duane, jirani na rafiki yake, ambaye kwa miaka amekuwa akiitazama pikipiki ile kama mbwa anavyotazama meza ya Krismasi. Siku zile Leland hakuwa anakula. Alikuwa akienda gerejini anakaa nayo tu. Nilikuwa nikimchungulia dirishani roho inaniuma, sitasema uongo.

Ndipo likaja jarida lako. “Geuza Tela la Mizigo Liwe Nyumba Yako na ya Pikipiki Yako: Kazi ya Wikiendi Mbili.” Siku hiyo nilimshukuru Mungu, nikawashukuru na ninyi. Shukrani zenu naziondoa rasmi leo. Za Mungu bado tunazungumza.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Wikiendi mbili. Hamkusema za mwaka gani. Leland alianza theluji ikianguka, ikayeyuka, ikaanguka tena. Tela lilikuwa gerejini, gari langu nje. Kila Jumapili nilitoka na ufagio kuchimbua gari ili niende kanisani, na ndani ya gereji nasikia hita inanguruma, redio inaimba, na mume wangu anapiga mluzi. Nikimuuliza anamaliza lini, jibu ni lile lile: “Bado kidogo tu, mama.” Hiyo bado kidogo ilizaa watoto na wajukuu.

2. Mliandika, “Anza na pikipiki, mengine yatafuata.” Alianza nayo. Tela likiwa tupu aliipandisha kwa ule mlango wa nyuma unaoshuka kuwa daraja, ikaingia vizuri, tukapiga makofi. Halafu mengine yakafuata, kama mlivyoahidi. Zikafuata mbao za povu za kuzuia baridi, na plaiwudi juu ya povu. Likafuata kabati upande wa kushoto, na kitanda cha kukunja upande wa kulia. Jiko la gesi. Sinki. Friji akaiweka palepale kwenye mlango wa pembeni, kwa kuwa ukurasa wenu ulisema mlango wa pembeni “unakula nafasi bure.” Kazi ni nzuri, siwezi kuikana. Droo za humo ndani zinajifunga zenyewe taratibu, kwa adabu. Mimi, mke wa fundi makabati, droo ya jikoni kwangu naifunga kwa goti.

3. Siku ya kuondoka. Ilikuwa Juni, safari ya kwanza, ya kujaribia. Chama cha pikipiki cha mji kizima kikaja kutuaga, akina mama wa kanisa wakaleta kolache, yale maandazi yetu ya kujazwa, za plamu na za mbegu za mpopi. Leland akaingia ndani ya tela kuongoza gurudumu la mbele. Duane na wenzake wakaisukuma pikipiki kutoka nyuma. Ikapanda, ikaenda, ikaenda, kisha ikasema kwaa! Usukani umebanwa, mkono mmoja umeingia chini ya kabati, mwingine chini ya kitanda. Haiendi mbele, hairudi nyuma. Mlango wa nyuma umezibwa na pikipiki, mlango wa pembeni umezibwa na friji. Mume wangu yuko ndani ya uvumbuzi wenu, hana pa kutokea.

Nilidhani atapiga kelele. Ng’o! Baada ya dakika chache tukasikia harufu ya kahawa. “Mama!” akaita kupitia tundu la hewa la juu ya paa. “Jiko linafanya kazi!” Duane akapanda ngazi, akamteremshia kolache kwa kamba ya viatu. “Shemeji, usiwe na wasiwasi,” akaniambia toka juu ya paa, “mumeo ana maisha mazuri kuliko sisi sote.” Mchungaji akacheka mpaka akakaa chini kwenye nyasi. Tulimtoa jioni, kwa mafuta yangu ya kupikia. Chupa nzima, na mafuta yale nilikuwa nimeyaweka kwa ajili ya kuku.

Alipotoka, Leland alifuta mikono, akaitazama pikipiki, akasema kwa sauti ya msibani, “Basi. Tela limekuwa nyumba. Pikipiki achukue tu Duane.” Na Duane, hana aibu yule, akatoa pochi palepale mbele ya watu, akataja bei. Bei gani, Ndugu Mhariri! Kwa bei ile hata kiberiti cha baiskeli hupewi, kama baiskeli zingekuwa na viberiti. Pikipiki iliyonipeleka hospitali nikajifungue! Damu ilinichemka. Nikajisikia nasema mbele ya chama kizima, “Haiuzwi hii. Nitaiendesha mwenyewe!”

Uelewe kwamba Leland amenibembeleza nijifunze pikipiki tangu tuoane, na jibu langu mtaa wote unalijua: pikipiki yangu mimi ni kochi. Sasa nimeshatamka, watu wamesikia, na mchungaji ni shahidi. Ningerudije nyuma?

4. Kwa sababu yenu nimerudi shule, uzeeni. Tulifundishwa kwenye uwanja wa kuegesha magari wa chuo, mimi na vijana ambao ningeweza kuwa bibi yao, tukizunguka vikoni vya plastiki. Mwalimu wetu alikuwa na hereni na subira. “Klachi, bibi! Klachi kwanza! Bibi, achia hiyo!” Niliua vikoni vingi. Siku moja nililala kwenye nyasi na pikipiki ya shule imelala kando yangu kama ng’ombe aliyechoka, na Leland yuko nje ya uzio anapiga makofi. Anapiga makofi! Leseni nimepata, picha yake inatisha, lakini ni leseni.

5. Agosti ikafika, tukaenda Black Hills. Naomba usome polepole. Mbele ilikwenda pikapu, na ndani yake mume wangu, na kiyoyozi. Nyuma ya pikapu lilikwenda tela lililotengenezwa kubeba pikipiki. Nyuma ya tela ilikwenda pikipiki. Juu ya pikipiki nilikwenda mimi.

Mvua ya mawe ilitukuta katikati ya nyanda, hakuna mti, hakuna daraja la kujibanza. Nilichapwa kwenye helmeti, nilichapwa mabegani, nilikiona cha mtema kuni. Na hapo mbele ya macho yangu kuna chumba kikavu, kina hita, kina kitanda, kina hata nyororo za kufungia pikipiki isianguke, na hakina mtu. Nyuma ya tela Leland amebandika kile kibandiko mlichotuma bure pamoja na jarida: “Beba Unachokipenda.” Nimekisoma kibandiko hicho Nebraska nzima na South Dakota kiasi cha kutosha.

Na yeye mwenyewe haangalii barabara. Kila nikiangalia, namwona kwenye kioo chake cha pembeni ananitazama, nusura aingie mtaroni. Tulipopumzika kituo cha mafuta nikamwuliza, unatazama nini? Akasema, “Nakagua taa ya pikipiki kama inawaka.” Ilikuwa mchana, jua kali.

6. Kombe. Hapa ndipo nilipokata shauri la kukuandikia. Pale Black Hills kulikuwa na mashindano ya matela, na waamuzi walikuwa watu wako, wamevaa fulana za jarida lako. Wakaingia ndani, wakafungua droo, wakafunga, wakafungua tena, wakaguna kwa furaha. Mmoja akauliza pikipiki inakaa wapi. Leland akajibu, uso mkavu kabisa, “Iko nje inapunga upepo.” Wakaandika. Wakampa kombe. Kombe, Ndugu Mhariri, la Tela Bora la Kubebea Pikipiki! Limewekwa juu ya kabati lile lile la kushoto linalozuia pikipiki kuingia. Nilisimama pale nimeloa, matope mpaka kwenye nyusi, na mpiga picha wenu akaniomba nisogee kidogo ili nisiharibu picha.

7. Lalamiko la saba nimelisahau kwa hasira. Nafasi yake muiache wazi, nitalileta.

Kwa sababu hizo, naomba mambo yafuatayo, na sidhani kama ni makubwa.

Kwanza, toleo lijalo mwandike kwa herufi nene, ukurasa wa mbele: “Leland, ng’oa kabati la kushoto.” Msieleze zaidi. Nikimwambia mimi ananijibu “tutaona, mama,” lakini neno likichapwa kwenye jarida lako analikata kwa mkasi na kulibandika ukutani. Pikipiki iingie ndani ya tela lililotengenezwa kwa ajili yake, nami nirudi kwenye kiti cha pikapu, mwenye haki.

Pili, ikiwa hamwezi kuandika hivyo, uje wewe mwenyewe Agosti ijayo. Utaendesha nyuma, na mimi nitakaa ndani ya tela, ninywe kahawa, nikupungie mkono kwa tundu la hewa la paani. Mvua ya mawe ikianza nitakufungulia droo uione inavyojifunga.

Tatu, mkishindwa yote mawili, njooni mlichukue tela, mlijenge ndani ya ofisi yako. Mlango wa ofisi yako usiupime kabla.

Nakutakia kazi njema na barabara kavu. Nisalimie wapiga chapa, nisalimie na yule mpiga picha, mwambie nimesogea. Aliyeandika ile makala ya wikiendi mbili mpe salamu kavu, na kama ana mke, mkewe mpe salamu za moyoni kabisa, mwambie ajue yuko dada yake Nebraska.

Ni mimi niliyenyeshewa kwa ajili yenu,

Verna Hruska (Bi.)

Baada ya sahihi: Ndugu Mhariri, bahasha nilikuwa nimeshailamba, nikaifungua tena. Duane amepita hapa. Nilimwambia kwa majigambo kwamba nimewashtaki kwa mhariri, nikamsomea yote. Alicheka mpaka nilipofika kwenye kombe, halafu akaacha kucheka. Akavua kofia yake, jambo ambalo hafanyi hata kanisani mpaka asukumwe. “Shemeji,” akasema, “usiipeleke hiyo barua.”

Akaniambia daktari hakumkataza Leland safari ndefu tu. Alimkataza pikipiki kabisa, hata ya kwenda kuchukua barua kwenye sanduku mwisho wa barabara, na Duane anajua, kwa kuwa ndiye aliyekuwa amempeleka kwa daktari siku hiyo. “Ile friji tulibeba mimi na yeye. Nikamwambia, Leland, ukiweka kabati hapo usukani hautapita. Akaniambia, ‘Najua, bwana. Shika friji, funga mdomo.’ Na ile pochi, shemeji, ni yeye aliyenituma niitoe mbele ya watu. Bei ile ya matusi aliipanga yeye. Alisema, ‘Nikimwomba atakataa. Wewe taja bei mbaya, atapanda mwenyewe.’”

Nimekaa hapa na barua hii mapajani. Nimelia, nikakasirika upya, nikalia tena. Basi yafute yote niliyoandika, na kabati la kushoto lisiguswe hata msumari mmoja.

Sijamwambia kwamba najua. Yuko gerejini anaijaza pikipiki mafuta na kuipiga kitambaa, hapandi, anaishika tu. Kesho tunakwenda mtoni kuona majani yanavyobadilika rangi. Sasa hivi ameniuliza kupitia dirishani kama nitamfuata nyuma kama kawaida. Nimemwambia hapana, kesho natangulia mimi, yeye aje nyuma, aione pikipiki yake vizuri ikienda.