Beji Aliyopewa Wifi

Jumatatu, 4 Machi

Nimefunga cherehani. Wateja wasubiri. Binti wa kaka yangu anacheza mashindano ya tenisi ya kulipwa ya wanawake, mmoja kwa mmoja, na hapahapa kwetu! Familia nzima tumehamia uwanjani, isipokuwa kaka, ambaye anasema moyo wake hauwezi.

Kila mchezaji anapewa beji mbili za viti vya mbele. Moja ya kocha, sawa. Ya pili kapewa nani? Wifi! Eti kwa kuwa ni mama yake. Kuzaa tu ndiyo imekuwa cheo? Mimi nimepewa tiketi ya kawaida, kiti cha nyuma ya nguzo. Nikiinamia kushoto naona nusu ya wavu.

Binti ametuambia wazi: atakayemfaa zaidi wiki hii ndiye atakayeandamana naye kwenye mashindano ya ng'ambo. Nafasi ni moja. Nilimwonea wifi huruma. Jioni nikapita sokoni, nikanunua sanduku la magurudumu.

Jumanne, 5 Machi

Binti ameshinda mechi ya kwanza! Mwisho wake sikuuona.

Nani angejua kwamba kwenye tenisi watu hukaa kimya mpira unapochezwa? Mchezo gani huu? Mtoto anapigana, watu wametulia kama wako kwenye mtihani! Nikapiga vigelegele kuwaamsha. Mpira wa Binti ukaenda nje. Mwamuzi, mama mmoja aliyekaa juu ya kiti kirefu, akamwomba mama wa nyuma ya nguzo anyamaze. Nikasimama, nikampungia mkono, nikamshukuru kwa sauti kwa kunitambua mbele za watu. Hapo mlinzi akaja. Nimepigwa marufuku kuingia mpaka mashindano yaishe.

Wifi alikuwa akitazama viatu vyake. Alikuwa anacheka, namjua.

Sijali. Vigelegele vilikuwa vimeshafanya kazi yake.

Alhamisi, 7 Machi

Jana nilishona beji. Kitambaa kizito, herufi za uzi wa dhahabu, kamba ya shingoni. Mlinzi aliishika, akaigeuza, akausifu upindo, akauliza kama naweza kumshonea mkewe gauni. Nikasema naweza. Kisha akanirudisha nje. Leo kaniletea vipimo vya mkewe, hana haya!

Jana hiyohiyo Binti akashinda mechi ya pili, mimi nikisikiliza makofi nyuma ya ukuta. Sasa yuko robo fainali.

Lakini leo ndiyo ilikuwa siku yangu. Kocha na Binti walikuwa kwenye uwanja wa mazoezi, ulio nje ya geti, wakitaka kujua kesho watakutana na nani: yule anayepiga kwa mkono wa kushoto, au yule tunayemwita Mrefu. Simu ya kocha ilikuwa imeisha chaji, na Binti huzima yake wiki nzima ya mashindano. Nikajitolea kwenda kuuliza. Kocha alikubali haraka sana, hata sentensi sijaimaliza. Naona ameanza kuniamini.

Nikamwita mtunza bustani wa uwanja kupitia uzio. Nikamuuliza, yule wa mkono wa kushoto vipi? Akasema ameshinda humu. Nikamuuliza kama ana hakika. Akasema anayo, tena ameshinda tangu asubuhi. Tangu asubuhi! Nikajisemea, huyu si wa mchezo, kamaliza kazi watu hawajanywa chai. Alitaka kuongeza maneno. Sikuwa na nafasi. Nikakimbia.

Kocha akamleta fundi wa nyuzi za raketi, ambaye ni wa mkono wa kushoto, akampigia Binti mipira mpaka giza likaingia. Binti alilalamika bega. Nikamwambia ajikaze, mchumia juani hulia kivulini. Kocha akaniambia asante, shangazi. Wifi alisikia!

Nimerudi nyumbani nikapanga nguo.

Ijumaa, 8 Machi

Ni Mrefu.

Kocha aliiona ratiba ukutani wachezaji wakiwa wanaitwa. Mimi niko nje, hakuna aliyejali kunieleza. Mtunza bustani alipotoka na toroli lake nikamuuliza, wa kushoto anaendeleaje? Akashangaa. Huyo si alifungwa jana asubuhi na Mrefu! Nikamkumbusha kwamba yeye mwenyewe aliniambia ameshinda. Akasema ndiyo, ameshinda humu kutwa nzima, kakaa nyuma ya jukwaa akimlilia mama yake kwenye simu. Alinieleza alikoshinda, hakusema kamshinda mtu. Kiswahili nacho kina hila!

Sikupoteza muda. Nikapanda juu ya toroli lake nikapaza sauti kuvuka ukuta: Binti, ni Mrefu! Wifi anasema hilo Binti alikuwa ameshaliona.

Sita kwa mbili, sita kwa tatu. Tumetoka.

Nilimkuta kwenye benchi la nje ya geti, barafu begani, taulo kichwani. Nikaanza kumtukana mtunza bustani. Binti akaniambia taratibu, bila hasira, kwamba ananipenda sana, lakini siku hizi akisikia sauti yangu tu mpira wake unaenda nje. Ng'ambo ataenda na mama yake.

Mgala muue na haki yake umpe: wifi hakucheka. Alinishika mkono, akasema shangazi ni shangazi tu, beji au hakuna beji. Hapo ndipo nilipoumia. Nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu isipokuwa huruma yake. Nimelia jikoni mpaka kaka akaja kuuliza nani kafa.

Jumapili, 10 Machi

Wameondoka asubuhi. Binti alinikumbatia kwa nguvu, akaniomba jambo moja: safari hii nisifanye chochote. Nimemwahidi, tena kwa moyo mweupe. Lakini kutofanya chochote nako kunahitaji maandalizi.

Wanasema asiyekubali kushindwa si mshindani. Waliosema hivyo hawakuwa na binti wa kaka kwenye tenisi. Nimepiga simu kwenye hoteli ya huko wanakofikia wachezaji. Mpokezi ni kijana mwenye adabu zake, tumeelewana mara moja. Nilimuuliza kama kuna mchezaji yeyote wa tenisi ambaye ameshapangiwa chumba. Akasema mpaka sasa ni mmoja tu, dada mmoja, anaingia leo jioni, chumba cha juu kinachotazama bwawa.

Tena anakuja na mama yake! Mtu mzima, bado anatembea na mama! Nilicheka peke yangu. Mpinzani wa namna hiyo haumizi kichwa.

Hata hivyo sipendi kubahatisha. Nimemwagiza yule kijana ampigie simu chumbani kuanzia saa kumi alfajiri, na arudie kila nusu saa, amwambie tu kwamba anasalimiwa. Asiyelala hana mkono. Amekubali, amesema ataanza kesho.

Angalau Binti wangu apate usingizi.