Shairi la Kimya Nililolivunja kwa Pambio

Leo nimejiaibisha mchana kweupe, mbele ya watu mia moja na mtoto wangu mwenyewe. Naandika nikiwa kwenye basi la kurudi nyumbani Malton, na uso bado unaniwaka. Akina mama wa kundi letu la kanisa, kaeni chini niwaambie kabla hamjasikia kwa wengine.

Mnamjua Neema wangu. Miaka kumi na saba, anaandika mashairi ya kusema jukwaani, na hajawahi kunisomea hata mstari mmoja. (Labda kwa sababu nilimwambia ushairi si kazi, asomee uuguzi kama mimi. Labda.) Wiki hii yote amekuwa akifundishwa pale maktaba na mshairi kutoka Marekani, binti wa Kivietinamu anayeitwa Hanh. Leo wanafunzi walikuwa wanaonyesha walichojifunza, na Neema alichaguliwa kusoma baada ya mwalimu. Jana akanijia jikoni.

"Mum, unaweza kuja. Lakini promise me, utakaa tu. Just sit."

"Kwani mimi hufanya nini?"

Akachukua ndizi, akaenda zake chumbani.

Nikavaa kitenge changu kizuri ndani ya koti la baridi, nikaketi safu ya pili, nyuma ya Neema na wenzake. Hanh akapanda jukwaani. Mdogo wa mwili, buti kubwa, hana karatasi. Akatueleza kwamba wazazi wake walikimbia vita kwa mashua, kwamba yeye alizaliwa Texas, na kwamba baba yake alikuwa akitengeneza televisheni za majirani kwenye gereji ya nyumba. Miaka kumi na mitano sasa anazunguka mashule na kumbi, begi la vitabu vyake mgongoni, akisimulia habari za baba huyo kwa sababu baba mwenyewe hataki kuzisimulia. Nikampenda hapo hapo.

Kisha akaanza. Jamani! Mimi shairi nalijua lina vina na mizani, tulilikariri shuleni tukiwa tumesimama wima. Huyu alinong'ona, akapiga kelele, akajipiga kifua, akataja aina zote za waya zilizokuwa kwenye ile gereji. Nikawa najiuliza, shairi litaanza lini?

Halafu watu wakaanza kumpigia vidole, gumba na cha kati. Ta! Ta! Ta! Nikashtuka. Kwetu ukimpigia mtu vidole unamharakisha, kama weita aliyechelewesha chai (na hata huko ni kukosa adabu). Nikamgeukia mama wa Kizungu aliyekaa kando yangu, mwenye mvi na miwani, mtu mzima kabisa. Naye anapiga! Nikamkazia macho. Akanitabasamia. Nikachanganyikiwa zaidi.

Sasa Hanh alikuwa anahesabu siku za baba yake baharini. Siku ya kwanza, walikula wali. Siku ya pili, walikula ukoko. Siku ya sita, ndugu mdogo wa baba alishikwa na homa. "Siku ya saba," akasema. Akanyamaza.

Akanyamaza kabisa. Machozi yakamtiririka. Sekunde kumi. Ishirini. Ukumbi umetulia tuli. Kisha huko nyuma mtu mmoja akapiga vidole. Ta.

Damu ikanichemka. Mtoto wa watu anaomboleza, amekwama, analia peke yake jukwaani, na nyinyi mnamharakisha? Mnajua inavyokuwa kanisani kwetu. Mtu akitoa ushuhuda akazidiwa na machozi, haachwi. Mmoja anaanzisha pambio, wengine wanaitikia, akina mama wawili wanaenda kumshika mpaka apate nguvu. Nikangoja mtu aanze. Nikaangalia kulia, nikaangalia kushoto. Hakuna!

Nikasimama.

Nikaanzisha pambio, kwa Kiswahili, kwa ile sauti yangu (ile inayowafanya mniweke mbali na maikrofoni). Nikapanda jukwaani nikipiga makofi, nikamkumbatia Hanh, nikamfuta machozi kwa ncha ya kitenge. Nikaugeukia ukumbi na kuwapungia mkono waitikie.

Watu mia moja wananitazama. Hakuna aliyeitikia. Nikarudia kwa sauti ndogo. Mara ya tatu wimbo ukanifia mdomoni.

Hanh akaninong'oneza kwa upole, "Mama, hicho kimya ndicho shairi."

Nini? Akanieleza pale pale, maikrofoni ikiwa wazi, kila mtu anasikia. Baba yake akiulizwa habari za siku ya saba hunyamaza dakika nzima, kwa hiyo na shairi hunyamaza dakika nzima. Amelisema hivyo miji yote aliyopita. Mimi ndiye wa kwanza kuliimbia! Na vile vidole? Ndivyo wanavyopongeza, ili makofi yasimkatize.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nikamtafuta Neema kwa macho. Amejifunika uso kwa karatasi zake, anamtikisia kichwa msimamizi wa shughuli, kwamba hasomi tena. Hapo ndipo nilipoumia kweli. Aibu yangu ningeimeza. Lakini siku moja tu mtoto alikubali nimsikie, na nimeiharibu.

Hanh naye alimwona. "Neema, huyu ni mama yako?"

Neema akainua mkono taratibu, kama mtu anayekiri kosa polisi.

"Basi njoo. Ameshafika huku kabla yako."

Watu wakacheka. Neema akaja bila kunitazama. Nikataka kushuka, Hanh akaning'ang'ania mkono, hakuniachia.

Neema akasoma. Kwa Kiingereza, na kwa Kiswahili ambacho nyumbani hajawahi kunijibu nacho sentensi nzima. Shairi lilikuwa la mama mmoja ambaye akiona mtu analia kanisani anakimbia kumshika, anayemjua kila aliyefiwa katika jiji hili, kuanzia Pickering mpaka Malton. "Lakini mlango wangu uko hatua nne kutoka kwake," akasema, "na hajawahi kubisha."

Nililia mimi! Nililia kwa kwikwi, mbele ya watu wote, nimeshikwa mkono na mshairi. Ukumbi mzima ukapiga vidole, na hakuna hata mmoja aliyefikiria kunianzishia pambio.

Ndani ya basi tumepita vituo vitatu. Kisha Neema akasema, "Nasoma tena next month."

"Nije?"

Akatazama dirishani. Akafikiria. Akafikiria tena.

"Kuja. Lakini utakaa nyuma kabisa. Near the door."

Nimekubali. Kwa hiyo msicheke, akina mama. Natafuta mmoja wenu wa kukaa na mimi huko nyuma, mwenye mikono yenye nguvu, akiniona nataka kusimama anikalishe.