Gari la Baba Halikupanda Kinyumenyume

Jumanne, 6 Machi
Daktari ameusikiliza moyo wangu kwa muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu, kisha akamgeukia mke wangu badala ya kunigeukia mimi. Nimeelewa. Basi haya ni maungamo. Atakayeyasoma atakuwa ametoka mazishini kwangu, na ninamwahidi kweli tupu, isipokuwa pale ambapo kweli itanivunjia heshima.

Jambo lenyewe ni moja. Baba alikuwa na gari la kwanza mtaani. Mdogo wangu, ambaye ukoo mzima unamwita Redio kwa sababu haijulikani anazimwa wapi, husimulia kila tukikutana kwamba gari lile lilipanda kilima cha posta kinyumenyume, Baba kageuza shingo kama bundi, Mama akiwapungia mkono watu walio chini. Watu hucheka hadi kushika mbavu. Mimi nasema lilipanda kwa mbele. Nilikuwa na miaka saba, yeye mitano. Nikifa, atabaki na hadithi peke yake.

Ndiyo maana tangu mwaka jana ninaliunda gari lile upya, dogo, la kutosha juu ya meza ya chai. Bodi ni makopo ya mafuta ya kupikia. Magurudumu ni ya kigari cha mjukuu, ambaye sasa anatembea. Tangi liko chini ya kiti cha mbele, kama la Baba. Fundi wa pikipiki amenifungia gia mbili, ya mbele na ya rivasi. Jumapili ukoo wote unakuja kuniaga. Wao wanakuita kula chakula cha mchana. Gari litapanda ubao mbele ya macho yao. Limebaki jambo dogo tu. Injini.

Jumatano, 7 Machi
Nimepata injini. Ilikuwa ndani ya jenereta ndogo ya binti yangu, inayoendesha jokofu la soda dukani kwake umeme ukikatika. Bisibisi moja ilitosha kuitoa. Binti aliuliza jenereta iko wapi. Nilitazama tu upande wa kwa jirani, nikashusha pumzi. Akaenda huko na maneno ambayo sikumfundisha. Jirani amerudisha sufuria mbili na ngazi, vitu ambavyo hata hatukujua vimepotea. Kwa hiyo nimeleta faida.

Ijumaa, 9 Machi
Jaribio. Nimeegemeza ubao barazani, mwinamo wake sawa na kilima cha posta, kwa kukumbuka. Gari likanguruma, likapanda, likafika katikati, likakohoa, likazimika. Mara ya pili vilevile. Nimelaumu petroli. Nimelaumu ubao. Nimemlaumu fundi wa pikipiki, ambaye hakuwepo.

Nilifundisha fizikia hadi kustaafu. Petroli ile haina pampu. Inateremka kwa uzito wake tu kutoka kwenye tangi hadi kwenye injini. Pua ya gari ikiinuka, injini inakuwa juu ya tangi, na petroli haipandi kwa kumhurumia mtu. Mwanafunzi asiyeliona hilo ningempa sifuri. Kwa utafiti tu, niligeuza gari, nikatia rivasi. Likapanda hadi juu kama limeitwa.

Mke wangu alikuwa mlangoni. Akasema kwani kuna ubaya gani, mzee wako alifika au hakufika? Nikamwambia suala si kufika.

Jumamosi, 10 Machi
Suluhisho! Bodi imeshikwa na skrubu nne. Nimeifungua, nikaigeuza nyuma mbele, nikaifunga. Sasa injini iko chini ya kiti cha nyuma, boneti ni tupu, na nikitia rivasi pua inatangulia. Kifizikia gari linarudi nyuma. Kwa macho linakwenda mbele. Ukoo wangu hauna wanafizikia; nina hakika, niliwafundisha mwenyewe.

Ndani ya boneti nimeficha peremende nilizokatazwa na daktari. Nafasi isipotee bure.

Jumapili, 11 Machi
Umeme ulikatika asubuhi. Soda zilikuwa vuguvugu, binti kanuna. Nikawasha gari. Likapanda, pua mbele, hadi mwisho wa ubao. Vigelegele. Redio akanyamaza. Ukimya huo nimeusubiri maisha yangu yote, na ulikuwa mtamu.

Akanijia, macho yamelowa, akanishika bega. Akasema, "Kaka, umenishinda. Nilikuwa mtoto, labda nilikosea." Kisha akaomba aione injini, akafungua boneti. Peremende zikateremka ubao wote, watoto nyuma yake. Hapohapo binti akainamisha sikio, akasema kikohozi kile cha injini anakijua, akainua kiti cha nyuma. Jirani, aliyekuwa akichungulia juu ya ukuta, akauliza kama sasa anaweza kuazima ngazi tena.

Redio alicheka hadi akakaa chini. "Kaka, sasa nina hadithi mbili. Hii yako naiweka kwa mazishi." Nikamwambia atatangulia yeye, nami nitabaki kwa makusudi. Tukapeana mikono.

Jumatatu, 12 Machi
Daktari anasema moyo unapiga vizuri kuliko wiki iliyopita, naye hajui kwa nini. Mke wangu anasema niache ubishi: Redio hamcheki Baba, anamkumbuka tu, hana namna nyingine. Maneno mazito. Nimeyatafakari kutwa nzima. Nimemwomba radhi jirani. Nimemwomba radhi binti, naye kanisamehe, akatoka kwenda kutafuta jenereta nyingine.

Na hapa, mbele ya Mungu na karatasi, ninakiri kosa langu. Sikupaswa kugeuza bodi. Nilipaswa kuisukuma petroli iifuate injini juu. Pampu moja tu, na nani ajuaye, huenda Baba alikuwa nayo.

Binti ameacha chumba cha kufulia wazi. Mashine yake ina pampu ndogo, nzuri sana. Skrubu tatu.